Nimemfunga Mkwe Mkononi

Laurentia, sijui kama binti yangu Swaumu bado ana mchumba.

Kibwana kashikwa na homa, timu yetu ya bao ya Kisarawe ikapungukiwa mtu mbele ya timu ya Kongowe. Wakaniita mimi. Nikakaa mkekani, nikainua macho: Mzee Mwinyimadi. Baba yake yule kijana anayemposa Swaumu. Na posa yao hatujaijibu.

Akacheka. "Mwalimu, leo nitakufundisha mimi."

Wallahi nilikusudia kufungwa.

Lakini nyumba yake, lile shimo kuu, ilikuwa imejaa kete. Angeiacha, ingemlinda. Akaivunja, akazunguka nayo kwa mbwembwe, kete ya mwisho ikatua kwenye shimo tupu. Kete zake zote zimetapakaa mbele yangu. Ningeziachaje? Nikala kulia, nikala kushoto. Safu yake ya mbele ikabaki tupu, na kete zake za kuingiza mchezoni bado kazishika mkononi.

Mkononi, Laurentia, aibu kubwa kuliko zote kwenye bao. Nimemfunga mkwe mkononi, mbele ya Liwali aliyekuja kutazama.

Mume wangu akaninong'oneza, "Mama Swaumu, umefanya nini?"

"Nimeshinda."

Mzee akaondoka bila kula pilau. Bila kula pilau!

Sasa hivi, nikiwa bado nakuandikia, mshenga wake amefika. "Mzee anasema jibuni posa upesi. Anataka marudiano, na hawezi kuja hapa kila Ijumaa kama mgeni."

Tumekubali. Swaumu ameniomba jambo moja tu: nifungwe mpaka harusi ipite. Nimemwambia nitajitahidi, lakini mzee mwenyewe akiivunja tena nyumba yake, mimi nifanyeje?