Kinoo Chenye Kibonde

Jumatatu, 3 Novemba

Umeme umekatika tangu asubuhi. Saluni imelala. Vijana wanachungulia mlangoni, wanaona mashine iko kimya, wanakwenda kwa jirani mwenye jenereta. Mtaa mzima wa Mapendo leo unanyolewa kwa jirani. Shauri yao. Nimefagia, nimefuta vioo, nimekaa.

Baba alikuja na fimbo yake. Akakaa kwenye kiti cha wateja, kiti hichohicho alichokisimamia miaka yote mpaka mikono ikaanza kutetemeka akaniachia kazi. Akasema Jumamosi tunaondoa matanga ya mama, na yeye ananyolewa wa kwanza. Kichwa kizima. Kwa wembe wake wa kukunja. Nikamwambia nitachaji mashine niende nayo nyumbani. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mashine haiko inanyoa, Masika. Iko inapunguza tu."

Kwetu ni hivyo. Mfiwa asiponyolewa hadi ngozi ionekane, matanga hayajaisha, na wengine wote wanamsubiri yeye. Najua. Lakini baba ana ugonjwa wa sukari. Mwaka jana alijikwaa, kidole cha mguu kikachubuka kidogo tu, na tuliuguza kile kidole mpaka mama akawa analia jikoni peke yake. Daktari alisema mzee huyu asipate hata mkwaruzo. Na kichwa chake ni ngozi nyembamba juu ya mfupa, pamoja na kile kinundu nyuma ya sikio.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeutoa wembe kwenye sanduku. Butu kabisa. Miaka hii mimi natumia mashine, na ndevu nanyoa kwa nyembe za dukani ambazo ukimaliza unatupa. Huu wa kunoa sijawahi kuutia makali mwenyewe. Siku zote ulikuja saluni ukiwa tayari, mfukoni mwa baba.

Chini ya wembe kulikuwa na kinoo. Jiwe la kijivu lililotoka Butembo zamani, laini kama sabuni. Ila katikati limelika, limeingia ndani, limekuwa na kibonde. Ukiweka rula juu yake unaona mwanga chini. Nikajisemea, kinoo kibovu hiki, ndiyo maana wembe umekuwa hivi.

Nikafanya anachofanya kila mtu wa Goma akitaka kusugua kitu. Nilichukua jiwe la volkano kwenye ukuta wa uzio. Tunasugulia visigino, masufuria, sakafu, kwa nini si kinoo? Nilimwaga maji nikasugua mchana kutwa mpaka mabega yakawaka moto. Sasa kimenyooka. Rula inalala bila mwanga.

Nimefurahi. Nimejisikia fundi.

Jumatano, 5 Novemba

Siyo fundi. Mjinga.

Nilinoa asubuhi nzima. Nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi jinsi baba alivyokuwa akifanya. Nikajaribu mkononi mwangu. Ulikwaruza. Papa Déo, muuza makaa wa mlango wa pili, akajitolea kidevu chake, akisema uso wake umezoea shida. Nikakubali. Kosa. Damu ilimtoka kwa vitone vidogo, mstari mzima chini ya taya. Alicheka, lakini nilimwona akijishika njia nzima mpaka kwenye magunia yake.

Nimechemsha wembe. Nimeangalia kinoo juani. Kimejaa chembe nyeusi. Volkano imeingia ndani ya jiwe na kila chembe inachana makali.

Mchana nilikwenda soko la Birere nikanunua kinoo kipya. Cha kiwandani, upande mmoja mwekundu, mwingine mweupe. Bapa, safi, hakina historia. Nimenoa kwa upande mweupe. Afadhali. Lakini ni katikati ya wembe tu panapokata, kwenye ncha zote mbili panavuta nywele. Nikapaka makali wino wa kalamu, nikapitisha wembe kwenye kinoo. Wino ulitoka katikati, huku na huku ukabaki.

Sielewi. Kinoo kipya hakifai, cha zamani nimekiharibu. Baba hajui. Jumamosi inakuja mbio.

Alhamisi, 6 Novemba

Shangazi Kahindo, dada yake baba, amefika kutoka Rutshuru. Ameshuka na viazi, maharage na maneno. Kabla hajanywa maji ameuliza nani atamnyoa kaka yake. Nikasema mimi.

"Weye? Ukimukata, Masika, tutarudi ku makaburi na yeye."

Kwa sauti, mbele ya majirani. Ndicho ninachojiambia tangu Jumatatu. Anataka mashine. Anasema Mungu haangalii urefu wa nywele. Baba alikuwa chumbani, akagonga ukuta kwa fimbo mara moja. Shangazi akanyamaza, lakini macho yake hayakunyamaza.

Alasiri nilishindwa kuvumilia. Nikaingia kwa baba na vinoo vyote viwili kwenye beseni. Nilitaka achague yeye, mzigo unitoke. Alichukua cha zamani kwanza. Akapitisha kidole gumba juu yake. Akarudisha. Akapitisha tena, polepole, akitafuta. Niliona uso wake ukibadilika, nikajua nimefanya kitu kikubwa kuliko nilivyodhani.

"Kibonde kiko wapi?"

Nikamwambia. Volkano, rula, yote.

Shangazi alikuwa anapepeta maharage nje, nilisikia kila harage. Kisha baba akasema, bila hasira, na heri angekuwa na hasira:

"Mama yako njo alikuwa ananoa. Mie sikuwai kunoa ata siku moya."

Miaka yote ile. Baba alikuwa na mkono wa kunyoa, hakuwa na mkono wa kunoa. Mama alinoa uani alfajiri, kabla hatujaamka, akamtilia wembe mfukoni. Mara nyingine niliamka mapema nikamkuta na lile jiwe. Nilidhani ni visu vya jikoni. Sikuuliza. Kile kibonde ni mkono wa mama, na mimi nimekisugua mchana kutwa huku nikijipongeza.

Nimelia kwenye stoo ya viazi. Nimekasirika pia. Kwa nini hawakutuambia? Mama angeniambia mimi. Mimi ndiye niliyebaki saluni.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua asubuhi. Baba aliniita barazani. Amevaa koti. Akasema lete mawe, lete maji, ukae hapa karibu na sikio langu.

Kwanza nimesugua kinoo cha zamani kwa upande mweupe wa kile kipya, jiwe juu ya jiwe. Maji yalitoka meusi, baadaye ya kijivu, mwishoni meupe. Chembe zimetoka. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kinoo cha Birere.

Wembe nao nimeuelewa. Umenolewa ndani ya kibonde miaka yote mpaka wenyewe umeota tumbo. Juu ya jiwe bapa tumbo ndilo linalogusa, ncha zinabaki hewani. Kwa hiyo mkono lazima uviringike kidogo, kisigino cha wembe, upande wa mpini, kianze, ncha imalizie. Kuelewa ni rahisi. Mkono wangu haukuelewa.

Baba hakutazama. Alifumba macho akasikiliza. Alilala kando ya sauti ile miaka yote ya ndoa yake.

"Hapana."

Nikaanza tena.

"Hapana. Unasukuma. Yeye alikuwa anaacha inaenda."

Tena. Hapana. Shangazi alipita na ungo, akasimama, akaguna, akapita. Vidole vilikufa ganzi kwa maji baridi. Nilitaka kutupa vyote barabarani, kinoo, wembe, na matanga yenyewe. Hapana. Hapana. Halafu sijui nilifanya nini. Nadhani nilichoka kujitahidi. Sauti ilikuwa ndefu na laini, haikukatika.

Safari hii hapana haikuja. Niliinua macho. Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

Shangazi alikuwa amerudi mlangoni. Ameleta kigoda, akakaa mpaka nilipomaliza.

Nimejaribu shingoni mwangu mwenyewe. Sikuhisi chochote. Nimechemsha wembe tena. Sijui kama kutohisi ni vizuri au ni mimi sasa nimekufa ganzi mwili mzima.

Jumamosi, 8 Novemba

Ndugu wote uani. Maturubai, masufuria, kwaya ya parokia. Baba kwenye kiti, kitenge cha mama mabegani.

Mikono yangu ilitetemeka nilipopaka povu. Baba akaisikia. Akaweka mkono wake juu ya wangu, na wake unatetemeka zaidi. Hapo nikataka kucheka, na kucheka kukanituliza.

Nilianzia kwenye paji. Wembe uliteleza. Nywele nyeupe zikaanguka kwenye kitenge. Nilivuta ngozi kwa kidole, kipande kwa kipande, nikipumua pale tu nilipoinua mkono. Utosi. Upande wa kulia. Nilipofika nyuma ya sikio, kwenye kinundu, niliona miguu ya Shangazi imesogea, ameshika kitambaa cheupe tayari. Kwa ajili ya damu. Jasho liliniingia jichoni, sikuthubutu kulifuta. Nikaviringisha mkono, nikauacha wembe uende.

Ukapita.

Shangazi alitumia kitambaa kile kumpangusa povu. Alikigeuza upande wa pili, akakiinua juu watu waone. Cheupe. Kisha akafungua kilemba chake, na baba alipoinuka, akakaa kwenye kiti.

"Na mie kwa hiyo wembe."

Ilibidi nimwambie huo ni wa baba peke yake, nitamnyoa kwa mwingine. Alinuna kidogo. Amekubali.

Jumapili, 9 Novemba

Misa. Chakula kilichobaki jana. Shangazi amepanda gari ya Rutshuru, ameacha nusu ya viazi. Uani patupu. Baba ameshinda akijipapasa kichwa.

Jioni ameomba kitu kimoja. Ninoe kila asubuhi uani, hata kama hakuna wa kunyolewa. Nimemwambia wembe utaisha. Akasema basi ninoe visu vya jikoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka kabla ya watu. Nimekaa mahali alipokuwa akikaa mama, na beseni la maji, na kile kinoo bapa. Nimenoa kisu cha vitunguu. Dirisha la baba lilikuwa wazi. Nilisikia kitanda kikilia alipogeuka upande wangu, nikaendelea mpaka kulipokucha, na hakusema hapana.