Swali Alilouliza Winnie

Mabatini, Mwanza
Desemba

Mpendwa Shangazi Teodora,

Shikamoo. Natumaini ulifika Ujerumani salama na baridi ya huko haijakuonea. Sisi hatujambo. Mguu wa Bibi umepata nafuu. Yeye anasema ni yale mafuta uliyomletea, Mama anasema ni kwa sababu amekuona.

Tangu uondoke, nyumba nzima ni wewe tu. Baba huwasimulia wageni jinsi ulivyoanza kwa kukagua riveti, zile pini zinazoshikilia mabawa ya ndege, ukafikia kuyachora mwenyewe, na sasa ni mkurugenzi wa kiwanda cha ndege zisizo na rubani, na waliokufundisha kazi ndio wanaokuomba likizo. Akimaliza, anamsifu Winnie wa Baba Mkubwa Nestory, kwamba umemchagua akasome kwako kwa sababu ana kichwa chako. Mtaani wameshaanza kumwita injinia, naye anaitika. Juzi aliniagiza nimpigie pasi gauni la safari. Nilipiga, lakini kola niliiacha na mikunjo.

Shangazi, nina wivu hadi chakula hakipiti.

Siku ile ya kukuaga, uliuliza nani kati yetu tuliomaliza shule ana swali. Mimi ndiye mdogo, kwa hiyo nilikuwa nazunguka na jagi na beseni, nawanawisha watu mikono. Winnie akauliza, ndege yako ikipeleka dawa Ukerewe, ikapita katikati ya wale wadudu wa ziwani wanaosimama kama moshi, mabawa yatakuwaje. Hukugusa chakula. Ulisema hata wahandisi wako hawajawahi kukuuliza hilo, na papo hapo ukamwambia Baba Mkubwa kwamba huyu utamchukua.

Swali lile lilikuwa langu. Nilimnong'oneza Winnie nilipokuwa nammwagia maji, nikamwomba aniulizie, kwa sababu mbele za watu sauti yangu hukatika. Watu walipopiga makofi nilisubiri aseme ni la nani. Akasogeza kiti chake karibu na chako.

Nikisema sitaki umwache nitakuwa nakudanganya. Lakini sikuombi hilo. Nina swali jingine. Kule visiwani watoto hukimbilia kitu chochote kinachotua. Ndege isiyo na mtu ndani itajuaje kuwasubiri wapite?

Hili sijamwambia Winnie. Naomba jibu lije kwangu.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na Bibi anakuombea kila siku.

Mwanao,
Evelina