Mpaka Fimbo ya Anaclet Ishuke

Lubumbashi, 5 mwezi wa pili 2024

Mama Jeanne,

Mi baba yako niko na miaka makumi munane na ine. Nimeona Babeleji banaenda, nimeona Katanga inakuwa inchi na inaacha kuwa inchi, nimeona feza ya Zaïre inakufa, nimezika bibi babili na bandugu bote ba tumbo moya, na hapa ku masomo, shule hii, nimemaliza ba prefe saba, bakubwa ba masomo. Huyu wa munane, tutaona. Kwa hiyo usiulize kama niko muzuri. Weye je? Mugongo yako na ile mifuko ya bunga, imepona?

Unanilaumia telefone. Telefone ya siku hizi haina kazi. Ya zamani, ya shemindefere, ya gari ya moshi, muntu akisema kule Kamina, tunamusikia hapa mpaka mu chumba ya pembeni. Hii ya leo inasema pole pole sawa muntu anaficha kintu. Andika barua, Lombe, dereva wa kamio, ataniletea. Kusoma najua, nilifikaka mwaka wa tatu.

Masomo ya serikali iko mingi hapa nyuma ya mutaa wa Golf, lakini yenye fanfare, bendi ya tarumbeta na ngoma, ni moya, na ile fanfare ni mimi. Sheria yangu ni ya fanfare ya shemindefere: fimbo ya chef, mwenye kuongoza, ikipanda, munapiga, ikibakia juu, munapiga, hata mvua inyeshe, muntu hasimame mpaka fimbo ishuke. Mwenye kuacha kupiga mbele fimbo ishuke, namufukuza. Njo maana tukipita ku barabara, hata mbwa inakaa kimia.

Abigaïl mutoto yako, bibi yangu sawa vile namuitaka mujukulu wangu, iko muzuri hapa ku masomo, anakula sana. Namuweka karibu yangu, pa kuume, na ngoma kidogo. Sasa kuko mwalimu moya, Princesse, anataka kuninyanganya yeye, amutie mu concours ya maulizo, ile masomo inashindana na masomo ingine. Banajifunza kila mangaribi, saa ile ile ya fanfare. Nimekatala. Mutoto akijua mito yote ya Afrika, itamusaidia nini? Mito iko pale, haikimbie.

Mimi baba yako,
Chef Anaclet


Mokambo, 24 mwezi wa pili

Papa,

Nakusalimia na heshima yote. Hapa tuko bazima. Mugongo inauma lakini inatembea. Unalala muzuri? Ile kikohozi ya Noeli imeisha?

Papa, Abigaïl ananitumiaka sauti yake mu telefone. Nakulomba usimugombeze. Anasema si kwa sababu ya ngoma unamuweka pa kuume. Anasema wimbo ikikaribia kumalizika, anakugusa ku kiwiko, njo unashusha fimbo. Mwanzo alizani ni ya siku moya. Sasa ni mwaka muzima.

Papa, masikio imefungika? Mi ni mutoto, siulize kwa zarau. Lakini ile concours, Abigaïl anaipenda mpaka analota majibu. Mwalimu anasema hana mwingine wa kumupita. Mutoto anaogopa. Aliniambia: «Mama, niko sawa musumari mu ukuta. Bakinitoa, kambo, baba yako, anaanguka.» Ile neno mutoto wa miaka kumi na sita hapashwe kuisema.

Kuya ukae na sisi. Chumba iko, bwana yangu anakubali.

Mutoto yako,
Jeanne


Lubumbashi, 4 mwezi wa tatu

Jeanne,

Salamu kwa bwana yako na batoto. Mugongo, ufunge na kitambaa ya moto.

Masikio yangu inasikia kila kintu chenye iko na maana. Ni bantu ba leo njo banasema na midomo ya kufunga. Nilipigia bakubwa ba inchi tarumbeta mbele weye uzaliwe, hakuna alikuya kuniuliza masikio.

Na ujue: chumba hii nalala hapa ku masomo, balinipa juu ya fimbo. Fimbo ikitoka, chumba imetoka. Unataka nikuye Mokambo kula bugali ya mukwe, nikae pa kiti sawa mugeni, batoto yako banipite banasema bonjour kambo, na mi sina kintu ya kufanya na mikono? Hapana. Abigaïl anabakia pa kuume.

Baba yako,
Anaclet


Mokambo, 2 mwezi wa ine

Papa,

Amani kwako. Nilifunga mugongo sawa ulisema, inasaidia.

Nimeandikia prefe. Mimi njo mama, ruhusa ni yangu. Abigaïl ataenda Kolwezi na timu siku ya posho, jumamosi, tarehe makumi mbili. Najua ni siku ile ile ya fête, sikukuu ya masomo. Sikuchagua siku.

Iko njia mbili. Umwambie Osée, ule mukubwa wa ngoma kubwa, akuguse yeye. Ao umwambie prefe ukweli, fanfare ipumzike siku ile. Moya ya ile mbili, nakulomba na magoti. Prefe sikumwambia kintu, ni juu ya heshima yako.

Mutoto yako,
Jeanne


Lubumbashi, 22 mwezi wa ine

Jeanne mama yangu,

Mi niko mukali sawa simba, na nyumba yako naisalimia yote.

Mulizani bila Abigaïl fanfare itakufa. Sikiliza sasa. Osée sikumwambia kintu. Chef halombe mutoto wa bantu amushike kiwiko. Prefe pia sikumwambia kintu. Nilivaa kofia, ile ya mustari ya dhahabu, nikapandisha fimbo.

Hatujapiga vile tangu fanfare izaliwe. Prefe alisimama ku mikro, akawa anafungua mudomo na kufunga sawa samaki, na mukono juu. Nikaona amefurahi, nikapandisha fimbo zaidi. Bantu bote banasimama ku viti. Bamama banashika kichwa, bengine banapunga vitambaa. Sijaona fête bantu banachanganyikiwa na furaha namna ile. Na batoto yangu, hata moya hakusimama. Jua inapiga, jasho inashuka mu macho, lakini sheria ni sheria. Mwisho Chomba wa tarumbeta alianguka, njo nikashusha. Batoto ba leo habakulake asubui.

Prefe hakunishukuru. Alinipita na uso wa mukate ya juzi. Ni wivu.

Baba yako,
Chef Anaclet


Mokambo, 6 mwezi wa tano

Papa,

Nakusalimia. Sina nguvu ya kuuliza mingi leo.

Bamama ba hapa bako na bandugu bao kule Lubumbashi, habari inafika na kamio ya kwanza. Papa, prefe alikuwa anasema: simameni, muache kupiga. Uwanja muzima ilikuwa inasema: simameni. Batoto balikuwa banakuangalia weye, machozi inatoka, banangojea fimbo, juu balikuogopa weye kupita prefe. Chomba mudomo ilipasuka mpaka damu inaingia mu tarumbeta. Alilala siku ile ku lopitalo. Iko muzima, Mungu asifiwe.

Timu ya Abigaïl ilishinda Kolwezi. Banaitwa Kinshasa, mwisho wa mwezi wa sita. Lakini aliporudia na kusikia ya Chomba, aliacha timu siku ile ile. Iko pa kuume yako tena, unamuona kila mangaribi. Nilimwambia mutoto, rudia mu concours. Alinijibu: «Kambo hana mwingine.» Nilimulilia, nilimufokea, anakatala.

Mi hanisikie tena. Ni weye peke yako utamufungulia.

Jeanne, mutoto yako


Mokambo, 27 mwezi wa tano

Papa,

Sijapata jibu. Lombe anasema barua alikupa mu mukono, na ati uliisoma mbele yake, ukiwa wima.

Timu inangojea jina ya Abigaïl mpaka tarehe kumi.

Jeanne


Lubumbashi, 15 mwezi wa sita

Mama Jeanne,

Nakusalimia, na bwana yako, na batoto. Mugongo usibebeshe tena mifuko, utafute kijana.

Sikujibu juu nilikuwa na kazi. Nilienda kwa Chomba. Niliona mudomo ya mutoto, bameishona. Mama yake aliniwekea kiti, akasimama mbele yangu, akasema mambo mingi, mingi sana. Sijui ni nini. Nilijibu ndiyo kwa yote.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe kumi, bendera ikiisha kupanda, nilitoka mbele ya masomo muzima, nikamwita Osée, nikamupa fimbo. Kofia pia nilimupa, inamuangukia mu macho. Kisha nilishika bibi yangu Abigaïl ku mukono, nikamupeleka mpaka ku mulango ya Princesse. Alikuwa analia. Nilimwambia: «Enda. Kambo amechoka na weye.» Nikavuta mulango, nikashikilia kitasa inje mpaka nikaona ameacha kuvuta. Iko na nguvu, ule mutoto. Jina yake iko ku karatasi ya Kinshasa, niliiona na macho yangu.

Chumba prefe hakuninyanganya. Amenipa kazi ya sentinele: nikae usiku, nisikilize bezi. Nimekubali. Tangu nianze, sijasikia mwizi hata moya.

Mangaribi nakaa ku dirisha. Naona mashavu ya batoto inavimba, naona mikono ya Osée. Hajui kushusha fimbo, anaishusha sawa muntu anafukuza nzi. Ningetoka nimuonyeshe. Lakini najua: nikifungua tu ule mulango, batageuza macho yote kwangu, na Osée atakuwa kintu bure. Basi nakaa. Chumba ni kidogo. Sikuijuaka kama ni kidogo vile.

Abigaïl akikuambia anataka kurudia pa kuume yangu, umukatalie kwa jina yangu. Na mimi usiniite tena Mokambo kwanza. Nitaona.

Na kama kuko muntu anakuletea habari ati mzee Anaclet balimunyanganya fimbo, umuulize Ngalula, ule wa mikate pa mulango ya masomo. Umuulize Osée. Na kama bale habatoshe, umuulize Princesse, ule hanipende, hawezi kudanganya juu ya kunifurahisha. Balikuwa pale. Batakuambia ni mimi niliitoa.

Baba yako,
Anaclet