Mbawakawa wa Saba

Jumatatu, 7 Machi 1927
Bangili ya binti wa Pasha, iliyoletwa dukani kwetu iuzwe, imepata mnunuzi, bibi mmoja Mbelgiji. Dhahabu ya kizamani, mbawakawa saba wa mawe. Sita ni hirizi za kale na zina kibali cha serikali cha kutolewa nchini. Wa saba alidondoka zamani. Muallim Habashi, mwenye duka, ameziba pengo kwa kijiwe alicholetewa na mtu wa Gurna, kijiji cha jirani na makaburi ya kale. Nikamuuliza kama ni cha kale kweli. Akacheka: "Kimepita tumboni mwa bata mzinga, efendi. Gurna huko ndiko vinakozeekea." Yaani bandia: huko huwalisha bata mzinga vijiwe vipya ili vitoke vikionekana vya kale. Akaniambia niandike kwenye hati ya mauzo, kwa Kifaransa: saba, wote wa kale. Nikaandika, nikatia sahihi. Dukani Kifaransa nakijua mimi tu.

Jumatano, 9 Machi
Nimeisafisha bangili kwa kioo cha kukuzia. Tundu la yule wa saba limelika kingo — kazi ya uzi, miaka na miaka. Bata mzinga hawezi hilo. Ametoka kaburini, bila kibali. Nilimwambia Muallim. Akasema macho yangu yamechoka, nifunge kifurushi.

Alhamisi, 10 Machi
Bibi ameichukua. Hati nimemkabidhi kama ilivyo.

Jumatatu, 14 Machi
Forodha ya Iskandaria imeizuia bangili. Kibali kinasema sita. Hati yangu inasema saba. Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili!

Jumanne, 15 Machi
Naandika stoo. Nimeomba ruhusa ninawe mikono.

Mkaguzi, Lutfi Bey, yuko dukani na bangili. Ana swali moja: wa saba ni wa kale au bandia? Nikisema bandia, nimemlaghai mteja. Nikisema wa kale, tumeuza mali ya kaburini. Kote sahihi ni yangu.

Muallim alinitangulia kujibu: "Mimi Kifaransa sikijui, Bey. Msomi ni huyu."
"Basi msomi atatuambia," Lutfi Bey akasema, akanisogezea kioo. Nikadai mikono ina wino.

Muallim amenifuata. Ananong'ona: nikisema bandia nitafungwa miezi michache tu, yeye atamlisha mama yangu; nikisema wa kale, tumekwisha wote, na mama atabaki na nani? Kisha kwa sauti, Bey asikie: "Nawa taratibu, mwanangu. Sabuni iko kulia."

Stoo ina mlango mmoja, naye amesimama hapo. Mikono imeshakauka.