Bi Taratibu, Uliyeogelea Kulia kwa Dada Yako

Mwaka umetimia leo, kitinda mimba wetu, tangu uliposema unajinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana. Ulijilaza kwenye kochi na nguo zako za kazi, mikono ikinuka mafuta ya cherehani, na hukuamka tena. Daktari alisema ni moyo. Moyo huohuo uliokuwa ukiupima kila asubuhi kwa vidole viwili shingoni kabla hujatoka kitandani, ukaandika namba kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda hatujaitoa. Namba ya siku ile ni hamsini na mbili.

Wengi walikujua kwa kutengeneza cherehani. Ulikuwa ukiinamisha sikio juu ya mashine ya mtu, ukazungusha gurudumu mara moja na kusema, "Hii haijaharibika, imechoka kusukumwa." Lakini asubuhi, kabla ya kufungua duka, ulikuwa mwalimu wa watu wazima waliotaka kushindana michezo mitatu kwa mkupuo: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Kinyozi, karani wa mahakama, mama mwenye duka la viatu, yule binti mfamasia mrefu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanariadha. Wao ndio waliokupa jina la Bi Taratibu.

Walikuja na haraka zao, ukazivunja moja moja. "Mita mia mbili za kwanza si zako, ni za pumzi. Toa hewa ukiwa chini ya maji, usisubiri kutoka." "Kila mikono kumi nyanyua macho ulitazame boya, la sivyo utaogelea hadi nyumbani kwa wenyewe." "Kilomita ya mwisho ya baiskeli weka gia nyepesi, ukishuka uwe na miguu, usiwe na magogo." Kinyozi alipokuja na viatu vipya siku ya mashindano ulimvua mwenyewe kama mtoto, ukamvalisha vya zamani. Na mtu akikimbia kwa fujo ulimfuata ubavuni ukamuuliza amekula nini jana. Akishindwa kujibu kwa kukosa pumzi, ulimwambia, "Basi punguza mpaka ukumbuke."

Ila mwanafunzi wako wa kwanza alikuwa dada yako, opereta wa simu pale hospitali, ambaye macho yake yalizimika akiwa darasa la sita. Ninyi wawili mlifungwa kwa kamba moja ya mpira, ncha moja kwenye paja lake la kulia, nyingine kwenye paja lako la kushoto. Ukivuta mara moja, asogee upande wako. Mara mbili, apunguze. Mara tatu, asimame palepale. Miaka saba mliogelea hivyo kwenye bwawa lile lililo nyuma ya mtaa wetu, mkapanda baiskeli ya watu wawili, wewe mbele yeye nyuma, na hamkuacha kubishana njia nzima.

Wiki nane baada ya mazishi yako Dada alirudi majini. Mfamasia ndiye aliyejitolea kumwongoza. Kwa kuwa yeye hupumulia upande wa kulia tu, na alitaka kumwona Dada kila akivuta hewa, aliogelea kushoto kwake, na kamba wakaifunga paja la kushoto.

Walipotoka, Dada alisimama akikamua nywele.

"Kulia kwangu alikuwa nani?" aliuliza.

"Hapakuwa na mtu. Tulikuwa wawili tu."

"Mbona nilivutwa?"

Mfamasia alidhani ni mazoea ya mguu, kama mtu aliyevua pete na bado anaisikia kidoleni. Nasi tulidhani hivyo.

Halafu yakaja mashindano. Asubuhi ilikuwa nyeupe, maji yametulia kama sahani. Watu zaidi ya mia waliingia kwa pamoja, na katika zile vurugu za mwanzo mfamasia alipigwa teke la uso, miwani ikang'oka, kibanio cha kamba kikafunguka. Alipopata kuona, alikuwa ameshika kamba nzima mkononi na Dada hayupo. Alipiga kelele mpaka boti ya waokoaji ikamsogelea. Sisi tuliokuwa ukingoni tuliwaona wakizunguka huku na huko kati ya vichwa, kofia zote za rangi moja, na Baba akakaa chini kwenye mchanga.

Dada alitoka majini peke yake. Alikuwa amezunguka maboya yote matatu. Alitembea wima hadi kwenye zulia la kutokea, akanyoosha mkono wake wa kulia pembeni, kama alivyokuwa akikunyooshea wewe, akasubiri ushikwe.

Tulimuuliza alifikaje. Alishangaa swali.

"Nilivutwa moja kila kwenye kona. Baada ya boya la pili nikavutwa tatu, nikasimama. Kitu kikubwa kikapita mbele yangu, nikasikia harufu ya petroli."

Yule mwokoaji aliyekuwa akiendesha boti alikuwa amesimama nasi. Aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu. Alijua alipopita.

Ndipo Mama alipomfunika taulo na kuona. Paja la kushoto, lililofungwa kamba asubuhi ile, lilikuwa laini. La kulia lilikuwa na alama nyekundu kuzunguka nyama yote, upana wa kidole.

Tulishukuru, mwanetu. Tusiseme uongo, tulishukuru sana. Hiyo ndiyo tabia yako, humwachi mtu katikati ya maji.

Lakini hukuishia hapo. Dada alianza kusimama ghafla ukumbini mchana, sahani mkononi, mguu wa kulia ukisogea kidogo pembeni. Alimwambia mfamasia asije tena. "Usijisumbue. Nina mtu." Akawa anaingia bwawani peke yake kila baada ya kazi, na kila siku anakwenda mbali zaidi ya jana. Tulipomkataza alitabasamu tabasamu la mtu anayeitwa kwenye simu nyingine.

Wiki tatu zilizopita alitoka hospitali saa kumi na hakufika nyumbani. Baba alimkuta ukingoni mwa bwawa, na sare yake ya kazi, na viatu, maji yakiwa kiunoni. Alikuwa anaendelea kutembea. Baba, na magoti yake yale, aliingia akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Sijui," alisema. "Nimefuata mguu tu."

Usiku ule hakuna aliyekutaja mezani. Asubuhi Mama alisema atakwenda kuzungumza na wewe. Mama ambaye miaka saba hakukanyaga bwawa kwa woga, aliyekuwa akiwasubiri nyumbani na chai, akihesabu magari.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sote. Mfamasia alirudi na kamba. Mama alivua viatu, akaingia na gauni lake hadi magotini, akasimama ametugeuzia mgongo. Tulimsikia vizuri, maana hapakuwa na upepo.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri. Mwenzio ana watu huku. Ana mimi, ana baba yake, ana huyu binti aliyekuja kumshika. Mwachie. Huko uliko zamu yake haijafika."

Alisimama palepale pumzi chache, kisha akatoka.

Dada aliingia akilia kwa hasira, kamba kwenye paja la kushoto. Hajawahi kuogelea vibaya vile. Boya la kwanza alilikosa, mfamasia akamkokota kwa kamba kumrudisha. Alikunywa maji, akakohoa, akapoteza mwelekeo, akaanza upya. Njia ya dakika ishirini aliimaliza kwa karibu saa nzima. Alipofika ukingoni alipiga magoti kwenye matope.

"Kulia kwangu hapana mtu," alisema. "Ni maji tu."

Mfamasia alimshika mkono wa kushoto, akamuuliza taratibu amekula nini jana. Dada alihema muda mrefu. Kisha akasema, "Wali na maharage," na wakainuka.

Kwa hiyo hili si tangazo la kukukumbuka tu. Ni la kukuomba radhi. Tulikufukuza, na wewe ulisikia mara ya kwanza tu, wewe uliyekuwa hukatazwi kitu ukaacha. Jambo hilo limetutoa machozi zaidi kuliko mazishi.

Mama ametaka tuandike na hili, ambalo hakumwambia mtu hadi jana. Aliposimama majini na kumaliza kusema, kitu kilimshika kifundo cha mguu. Hakikuvuta. Kilikuwa cha baridi na kidogo, kama mkono wako ulipokuwa na miaka miwili na hutaki aende sokoni. Kilikaa kwa muda wa pumzi tatu. Kisha kikaachia kidole kimoja kimoja.

Wanakukumbuka baba yako na mama yako. Dada yako opereta. Kaka yako fundi rangi na mkewe. Wapwa zako mapacha uliowafundisha kuelea. Shangazi yako mshonaji. Mfamasia, kinyozi na kundi zima la asubuhi.

Umo mioyoni mwetu siku zote, Bi Taratibu. Pumzika.