Mbaluka amenipokonya maiki kanisani

Kiema, Mbaluka ameniuza. Mbaluka wetu!!

Si leo ndio nilikuwa natafsiri mahubiri ya yule mgeni wa Kiingereza hapa Matinyani? Jana niliona "jettison" kwa notes zake, nikamuuliza Mbaluka maana. Akanijibu macho makavu, "Ni kufunga mizigo ya meli, isianguke baharini."

Kumbe ni kuitupa baharini ndio meli isizame!

Mgeni akasema mabaharia wa Yona wali-jettison mizigo. Nikasema waliifunga kamba. Akasema tufanye hivyo na dhambi zetu. Nikapaza sauti, "Wapendwa, zifungeni dhambi zenu zisiwatoke!"

ZISIWATOKE, Kiema. Mama yangu peke yake ndiye alisema amina.

Mbaluka akasimama, mpole kabisa. "Samahani Pasta, ni kutupa." Alijua! Pasta akampa maiki, na akasema hata Jumapili ijayo ni yeye.

Nikamngoja nje. "Si uliniambia ni kufunga?"

Akacheka. "Wee, kwani hauna kamusi?"

Ninayo. Iko kwa simu. Niliona nikiangalia ni kama simwamini.