Sahihi Niliyoikosa

Alhamisi. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na hapa Mfaranyaki watu wanapita wamejikunyata ndani ya makoti. Mimi sijatoka chumbani. Hata chai sijanywa.

Niandike yaliyotokea kabla sijaanza kujidanganya.

Nilipoanza kusomea maabara, mshauri wa chuo alituambia kila mmoja aandike mpango wake wa kazi, hatua kwa hatua. Wenzangu waliandika nusu ukurasa wakaenda kula. Mimi niliandika kurasa nne. Mwaka wa kwanza nifaulu masomo yote. Wa pili nijue kompyuta vizuri, walimu wanifahamu. Wa tatu fildi, yaani wiki nane za mazoezi hospitalini, mtihani wa mwisho, kisha moja kwa moja zahanati moja ya Namtumbo, ambako mganga mfawidhi aliniahidi nafasi mradi nimalize kwa wakati. Kila hatua niliivuka. Nikaanza kujiona mwerevu kuliko wenzangu. Nakiri.

Fildi ilikuwa imebaki siku tatu.

Juzi walikuja wajawazito wawili, wote wakiitwa Zainabu, wapimwe kundi la damu. Mmoja alitoka Mshangano, mwingine Peramiho. Niliwatoa damu huku nawaza mtihani. Jana asubuhi, nikinakili majina kwenye rejista, nikagundua kosa langu. Wa Mshangano ndiye niliyemtoa damu kwanza, lakini chupa ya kwanza niliibandika lebo ya mwenzake.

Majibu yalishafika wodini. Na yule wa Peramiho alikuwa afanyiwe upasuaji leo. Angehitaji damu, wangeweza kumwekea ya kumuua.

Hakuna aliyejua. Kitabu changu cha fildi kilikuwa kisainiwe Ijumaa, na bila sahihi hiyo mtihani ungenipita.

Nilijifungia chooni. Nikajiambia pengine makundi yao yanafanana. Nikajiambia pengine hatahitaji damu kabisa. Sababu za kunyamaza zilikuja zenyewe, moja baada ya nyingine. Nilikaa mle kama dakika kumi, na dakika hizo ndizo zinazoniumiza kuliko kosa lenyewe.

Kisha nikaenda kwa Mama Komba, msimamizi wangu.

“Mama, juzi nilichanganya lebo za wale kina Zainabu.”

“Una uhakika?”

“Ninao, Mama.”

Hakunifokea. Alikimbia. Mtu mzima vile, amebakiza miaka michache astaafu, alikimbia na ndara zake mpaka wodi ya wazazi. Damu zikatolewa upya, akazipima mwenyewe.

Makundi yalikuwa tofauti.

Jioni akaniita, kitabu changu kikiwa mezani. “Binti, umekuja mwenyewe kusema, na hilo nitaliandika. Ila hapa sisaini. Utarudia wiki zote nane.”

Nikapiga magoti nikilia. Nikamweleza habari za Namtumbo, nikamweleza habari za mtihani. Akaninyanyua kwa mkono.

“Hata mimi ningelia,” akasema. “Sisaini.”

Kwa hiyo mtihani sifanyi na wenzangu. Nafasi ya Namtumbo atapewa mwingine. Miaka mitatu nilipanga kila kitu, sikupanga siku ambayo mimi mwenyewe ndiye nitakayekosea.

Leo asubuhi nikampigia Baba, yuko Tunduru shambani kwenye mikorosho.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?”

Nikamwambia yote bila kupumzika.

“Pale msikitini nimeshawaambia wote kwamba mwaka huu unamaliza,” akasema.

“Nisamehe, Baba.”

“Na hao kina mama?”

“Wazima. Mama Komba amenitumia ujumbe, wa Peramiho amejifungua leo. Wa kike.”

“Alhamdulillahi.” Nikamsikia anashusha pumzi. “Mama yako usimpigie. Nitamwambia mimi.”

Akakata. Sijui kama amenikasirikia au ananikinga. Nimelia kwa vyote viwili.

Jumatatu naanza tena wiki ya kwanza, maabara ileile, mbele ya watu walewale wanaojua nilichofanya. Je, bado naipenda kazi hii, au naenda tu kwa kuwa sina pengine pa kwenda? Nimefua koti jeupe, nimelianika dirishani, na kwa ukungu huu sijui litakauka lini.